Nambari 2,147,483,647 imekataa kugawanyika

Wiki jana pale Kibuye, Kisumu, mama anayeniuziaga nyanya alikuwa amebakisha 23, anataka mafungu yanayotoshana. Akaweka nne nne zikabaki tatu, tano tano zikabaki tatu tena, tatu tatu zikabaki mbili. Nikamwambia mama, hizo hata ukikesha hazitakubali, ongeza moja zifike 24 utapanga vile unataka. 23 ni nambari tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Sasa iko ingine naipenda sana, na wanafunzi wetu wa hesabu huniuliza kuihusu kila mwaka. Chukua shilingi moja uizidishe maradufu mara 31, halafu toa moja: 2,147,483,647. Inaishia 7 so mbili na tano haziingii, tarakimu zake ukijumlisha ni 46 so tatu pia haiingii. Lakini kuwa na uhakika lazima ujaribu mpaka 46,340, maana kigawo kikizidi hapo basi mwenzake ni mdogo na ungekuwa ushampata.

Mtaalamu wa hesabu Leonhard Euler alitangaza mwaka wa 1772 kwamba ni tasa, kompyuta hakuna na macho yake karibu yamezima kabisa. Hakujaribu zote. Alionyesha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 ama 63, basi ile kazi ya maelfu ikawa chini ya 400! Mimi nikifika hapo darasani huwa naweka chaki chini kwanza, ni kitu kizuri sana. Zaidi ya miaka 70 hakuna nambari tasa kubwa kuliko hiyo iliyojulikana.

Na iko ndani ya mashine zetu. Kompyuta ya biti 32, yaani inayoandika nambari kwa nafasi 32 za 0 na 1, inaachia biti moja alama ya hasi, zinabaki 31, so hiyo ndio mwisho wa kuhesabu. Nyingi zinahesabu sekunde kutoka 1 Januari 1970, na hesabu itajaa Jumanne 19 Januari 2038, kwetu ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, watu wanapanda matatu kwenda job. Sekunde inayofuata, kwa mashine ambayo haijarekebishwa hesabu inageuka hasi, tarehe inarudi 13 Desemba 1901, siku chache kabla reli ifike hapa Kisumu. Simu mpya ni za biti 64, hizo ziko sawa, shida ni mitambo ya zamani. Kama unao kazini, uliza fundi saa yake ni ya biti ngapi.