Kumbikumbi, majani ya mtundu na siku ya kupanda

Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba, wakati ardhi ya Tabora ingali imekauka na kupasuka, miti ya mtundu huvaa majani machanga mekundu, nami huanza kuulizwa swali lile lile: je, mvua imekaribia? Katika kazi yangu ya ugani nimejifunza kutolidharau swali hilo, kwa sababu ishara yenyewe ni ya kweli; tatizo ni kile tunachotaka ituambie. Mtundu hauchipui kwa kuhisi mvua iliyo njiani. Huchipua joto linapopanda, ukitumia maji yaliyohifadhiwa shinani na yale ambayo mizizi yake mirefu huyafikia chini, na kwa hiyo hutoa majani wiki kadhaa kabla ya mvua, iwe mvua ya mwaka huo itawahi au itachelewa. Majani hayo yanatuambia kwamba wakati wa kuandaa shamba umefika. Siku ya kupanda hayaijui.

Tofauti hiyo ni nzito kwetu kuliko kwa wenzetu wenye vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na aliyepoteza mbegu hana msimu wa pili wa kufidia. Mwaka wangu wa kwanza kazini, wilayani Uyui, niliwahimiza wakulima wapande mahindi baada ya mvua moja kubwa ya Novemba. Jua likawaka majuma mawili mfululizo, na miche ikanyauka. Mama mmoja mtu mzima, jirani wa shamba darasa letu, alikuwa hajapanda hata punje. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, kumbikumbi hawajaruka." Kisha akachukua jembe, akachimba shimo la kina cha shibiri moja, akatoa udongo wa chini na kuufinya kiganjani. Ukamwagika kama unga.

Kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuliheshimu jibu lile. Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, madume na majike, wanaotoka kichuguuni kwenda kuanzisha makazi mapya. Wakishatua hudondosha mbawa, kisha wawili wawili hujichimbia ardhini, kazi ambayo udongo mkavu hauiruhusu, na miili yao laini hukauka upesi ikikosa unyevu. Ndiyo maana wengi wao huruka baada ya mvua iliyopenya, usiku ule ambao watoto hutega beseni la maji chini ya taa. Swali ambalo kumbikumbi hulijibu kwa uhai wake ndilo la punje ya mahindi: je, chini kuna unyevu? Hatabiri mvua ijayo. Anathibitisha ile iliyokwisha kunyesha, na kwa mpandaji uthibitisho huo una thamani kubwa zaidi. Hata hivyo aina za mchwa ni nyingi na haziruki kwa mvua ile ile, ndiyo maana yule mama hakuwategemea peke yao, bali alichimba pia.

Duara linalouzunguka mwezi silitegemei. Hutokana na mwanga unaopinda ndani ya chembe za barafu katika mawingu membamba ya juu sana. Huko Ulaya mawingu hayo mara nyingi huitangulia mvua, lakini mvua zetu nyingi huzaliwa na joto la mchana hapa hapa. Upepo nauamini zaidi. Kiangazi huvuma mkavu kutoka kusini-mashariki, na unapogeuka ukaleta hewa nzito ya upande wa Kongo, wazee wana haki ya kuanza kutia majembe mipini.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hueleza kama mvua za mkoa zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, nami huwasomea wakulima kila unapotoka. Lakini mvua yetu huweza kulowesha kijiji kimoja ikakiruka cha jirani. Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mtu apande, huchimba shimo la shibiri moja katika shamba lake mwenyewe na kuufinya udongo wa chini. Ukishikamana ukawa donge, tunapanda kesho yake asubuhi.