Ndiyo, ni chandarua, ila si kile cha kitandani kwako

Mvuvi mmoja wa dagaa kutoka Ukerewe alikishika kwa vidole viwili kipande cha chandarua ambacho ningemzibia nacho ngiri, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Dokta, hii si ndiyo maofisa wa uvuvi wanayotukamatia mwaloni tukivulia?" Wauguzi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Ngiri yake ilikuwa imeshashuka mpaka kwenye korodani, na miaka yote hiyo kijijini walimwambia ni busha.

Ngiri ya kinena ni ukuta wa tumbo uliolegea, utumbo ukapata upenyo. Zamani tulivuta misuli ya pande mbili na kuishona pamoja, kwa mtindo wa Bassini, daktari Mwitaliano wa karne ya 19. Kilichovutwa kwa nguvu huachia, hasa kwa mtu atakayerudi kuvuta nyavu usiku kucha. Meshi haivuti kitu: ni kiraka chenye vitundu, na nyama huota kupitia humo mpaka kiraka na mwili vishikane. Tatizo ni bei. Meshi ya kiwandani inaweza kupita dola 100, wakati kipande cha chandarua hakifiki hata dola 1.

Wahindi walianza kukitumia kabla yetu. Kisha hapo jirani, Uganda, wanaume 302 wenye ngiri waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa chandarua na wengine meshi ya kiwandani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu upande wa chandarua, na hakuna hata mmoja upande wa meshi ya kiwandani. Kwangu hiyo ni sare.

Sasa usikimbilie dukani na mkasi. Chandarua chenye dawa ya mbu hakiingii mwilini mwa mtu, na hapa kwetu vingi vina dawa. Halafu kuna joto. Nyuzi za polithini huyeyuka mapema. Chandarua cha aina iliyopimwa kwa kazi hii huvumilia mvuke wa nyuzijoto 121, lakini mitambo mingi ya kutakasia vifaa ina mzunguko wa haraka wa 134. Niliwahi kufungua pakiti iliyopitishwa huko kwa makosa: kipande kilikuwa kimejikunja na kukakamaa kama mfuko wa rambo uliopitiwa na moto. Mgonjwa alikuwa ameshachomwa ganzi. Tulikuwa na cha akiba, Mungu saidia. Tangu siku hiyo nauliza namba ya joto kabla sijanawa mikono.

Yule baba wa Ukerewe tulimfanyia kwa ganzi, yu macho, akitusimulia dagaa walivyoadimika. Nilikata kipande cha sentimita 7 kwa 15, nikaviringisha pembe, nikakilaza bila kukivuta na kukishikiza kwa uzi usiooza.

Aliporudi kutolewa nyuzi alikuwa na swali moja: maofisa wa uvuvi wakimsimamisha, aonyeshe kovu?