Mlango wa potasiamu kwenye neva haufanyi kazi peke yake

Jamani hii mada naipenda sana, na kuna mambo yanarudiwa kila siku mpaka yanachosha, ngoja niyaweke sawa.

La kwanza eti ukila ndizi nyingi potasiamu inaenda kutuliza neva. Hapana. Mtu akiwa mzima potasiamu ya damu inakaa kati ya 3.5 na 5 milimoli kwa lita, ikizidi figo zinaitoa kwenye mkojo, wakati ndani ya seli ni kama 140. Neva ikishapiga umeme, milango ya potasiamu kwenye utando wake (protini zenye tundu la kupitishia potasiamu) inafunguka, potasiamu inatoka nje na neva inatulia. Kazi ni ya milango.

DHANA: mlango ndio kila kitu, protini zinazoushikilia ni mapambo tu.

UKWELI: hapa ndo utamu ulipo. Chukua mlango unaoitwa Kv1.1, ni vipande vinne vimezunguka tundu. Ukiwa peke yake ukishafunguka unabaki wazi tu, ila mwaka 1994 ilionekana kwamba ukiupa protini mwenzake anaitwa Kvβ1, huyo ana mkia, na ncha ya mkia inaingia kuziba tundu kwa ndani kama gunzi kwenye mdomo wa kibuyu, ndani ya milisekunde chache tu. Yaani mlango ni uleule ila tabia imebadilika kabisa! Na milango ya aina nyingine, Kv4, bila protini wenzake za KChIP mingi inakwama ndani ya seli, haifiki kwenye utando.

Hata watafiti walishachanganywa na hili. Mwaka 1988 Wajapani walipata kiprotini kidogo, minK, asidi amino kama 130 tu, wakakitia kwenye mayai ya chura wa Afrika, Xenopus, mkondo wa potasiamu ukaonekana, basi kikaitwa mlango. Mpaka 1996 ndo ikajulikana yai la chura lilikuwa na mlango wake tayari, minK ilijiunga nao tu ikaufanya ufunguke taratibu.

DHANA: kuna wagonjwa kingamwili zao zinashambulia milango ya potasiamu yenyewe.

Ndivyo ilivyoaminika miaka mingi, ila 2010 ikaonekana kwamba mara nyingi zinashambulia protini wenzake wa milango hiyo, LGI1 au CASPR2. Na hii naomba muishike, ndivyo anavyoweza kuonekana mtu ambaye kingamwili zake zinashambulia LGI1: mtu mzima wa miaka 50 na kuendelea, uso na mkono wa upande mmoja vinashtuka sekunde chache tu kisha basi, mara nyingi kwa siku, anaanza kusahau, na akipimwa damu sodiamu iko chini. Nyumbani wanasema uzee, wengine mapepo. Mpelekeni kwa daktari wa neva mapema, dawa za kifafa peke yake mara nyingi hazimsaidii sana, ila wengi wa LGI1 wakipewa steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili) mishtuko inapungua haraka.