Je, wajua kwa nini mwanamuziki Daniel Johnston alikuwa anarekodi albamu upya kila mtu alipomuomba kaseti?

Jibu fupi ni kwamba hakuwa na redio ya deki mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Daniel Johnston alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, anakaa kwa wazazi wake mji mdogo wa New Cumberland, jimbo la West Virginia huko Marekani, ana redio kaseti ya Sanyo ya dola 59 yenye spika moja, na mtu akimwambia naomba na mimi hiyo kaseti yako hana namna ya kuihamishia kwenye kaseti nyingine. Kwa hiyo anachomeka kaseti mpya, anabonyeza rekodi na plei kwa pamoja, anaimba albamu nzima tena kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Anakupa. Akija mwingine kesho, anakaa tena chini anaimba.

Sasa swali linalonivutia mimi zaidi ni lile la pili, kwamba imekuwaje mtu wa namna hiyo, asiye na studio wala hela wala sauti ya kusema huyu ana sauti, leo nyimbo zake zimeimbwa na wasanii wenye majina kama Tom Waits, Beck, Lana Del Rey na wengine kibao? Wengi wanakimbilia kusema ni kwa sababu ya ugonjwa wake wa akili, eti watu walivutiwa na kisa cha mgonjwa. Mimi hiyo siikubali na nitasema kwa nini, ila tuanze na ile redio kwanza kwa sababu siri nyingi zimo mle ndani.

Redio kaseti za bei ile zilikuwa na maiki ndogo ndani ya bodi yenyewe, sio ya kuchomeka. Unaiweka juu ya meza au juu ya piano unarekodi. Halafu ndani kuna sakiti inayorekebisha sauti yenyewe bila wewe kugusa kitu, ukiimba taratibu inapandisha, ukipiga kelele au ukigonga piano kwa nguvu inashusha haraka, ilitengenezwa hivyo ili mtu anayerekodi mkutano au hotuba asihangaike. Ila kwenye muziki inafanya kitu cha ajabu, kwa sababu Daniel akinyamaza kidogo kati ya mistari unasikia ule mvumo wa kaseti, shshshsh, unapanda juu pamoja na kila kilichomo chumbani, kiti kinalia, pumzi, halafu akigonga tu kinanda vyote vinazama. Yaani wimbo unapumua. Mtu akikusikilizisha bila kukwambia ni nani utahisi umekaa chumba kimoja naye, na karibu kweli, maana umbali wa mdomo wake na ile maiki ulikuwa kama wa watu wawili wanaoongea mezani.

Kingine ni kwamba redio ile haina treki, yaani njia za kurekodi kila sauti peke yake kisha zikasikika pamoja. Wakati huo tayari kulikuwa na mashine za kurekodi treki nne kwenye kaseti ya kawaida, kampuni ya TEAC ilitoa yake mwaka 1979, na Bruce Springsteen aliyekuwa staa tayari aliitumia nyumbani kwake kurekodi albamu ya Nebraska iliyotoka 1982. Ukiwa na treki nne unaimba, unarudi unaongeza gitaa, unarudi tena unaongeza sauti ya pili. Daniel hakuwa nayo. Kwake yeye kilichotokea ndicho kilichobaki, akikosea noti imebaki, akicheka imebaki. Ndani ya Songs of Pain, kaseti yake ya kwanza aliyoirekodi 1980 mpaka 1981 kwenye chumba cha chini ya nyumba ya wazazi kwa piano, kuna mahali unamsikia mama yake anamfokea, kwamba unapoteza muda wako, na yeye akairekodi ile sauti akaiweka katikati ya nyimbo. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa kanisa hasa, wakristo wenye msimamo mkali, walitaka kijana afanye kazi inayoeleweka, kijana yuko huko chini anagonga piano mpaka usiku.

Na nyimbo zenyewe zilikuwa za nini? Mapenzi. Alipokuwa anasoma sanaa chuoni alimpenda binti mmoja waliyesoma wote, binti hakumpenda hivyo, akaja kuolewa na mwanaume wa kazi ya mazishi, na ndio maana kwenye nyimbo za Daniel mapenzi na majeneza yanakaa jirani jirani miaka yote. Aliandika juu ya huyo dada mamia ya mara na sidhani alichoka.

Mwaka 1983 familia ikampeleka Texas, kwanza kwa kaka yake Houston, na huko ndani ya gereji ya kaka yake akarekodi Yip/Jump Music kwa kiogani kidogo cha bei rahisi, kile ambacho mkono wa kushoto unabonyeza kitufe kimoja tu kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, inatoka yenyewe, kama cha watoto. Baadaye mwaka huohuo akiwa kwa dada yake San Marcos akarekodi Hi, How Are You huku akili ikiwa imeanza kumchanganya kweli kweli. Ndani yake kuna Walking the Cow, wimbo ambao jina lake lilitokana na picha ya msichana na ng'ombe kwenye karatasi ya aiskrimu. Huyu jamaa alikuwa anaweza kuona karatasi ya aiskrimu akatoka na wimbo ambao unakukaba kooni hujui kwa nini. Kava alichora mwenyewe kwa peni, chura mwenye macho yanayotokeza juu kama pembe, na huyo chura nitamrudia.

Kisha akatoroka na kundi la michezo ya kusafiri, wale wanaozunguka mji hadi mji na mabembea na vibanda vya chakula, yeye akiuza soseji za kwenye kijiti, wakazunguka wee mpaka wakafika mji wa Austin, hukohuko Texas, 1984 na yeye akabaki pale. Akapata kazi McDonald's, kusafisha meza. Na hapa ndipo kazi yake ya muziki ilipoanza kwa maana ya kazi, kwa sababu alikuwa anatembea na kaseti, anampa mteja, anampa mwandishi wa gazeti, anampa dada anayempenda, anampa mpiga gitaa wa bendi aliyekutana naye barabarani. Hakuna lebo, hakuna promota, hakuna redio. Mkononi kwako, anakwambia jina lake, anaondoka.

Tafakari hilo kidogo. Leo mtu anapandisha wimbo intaneti unawafikia watu elfu moja ambao hawakumbuki hata jina lake. Daniel alifikia mtu mmoja mmoja ila kila mmoja alibaki na kitu, tena cha kupewa na mwenyewe, na Austin ya wakati ule ilikuwa imejaa wanamuziki, wote wanajuana, wote wanahudhuria kumbi zilezile, kwa hiyo kaseti kumi zikiingia mikono sahihi mji mzima unaongea. Mwaka 1985 MTV walikuja na kipindi chao cha The Cutting Edge kurekodi bendi za Austin, na Daniel akaingia mle mbele ya kamera kaishika kaseti yake anatabasamu kama mtoto, nchi nzima ikamuona. Wakati huo bado anafanya kazi McDonald's!

Mtu mwingine ambaye hapewi sifa za kutosha ni meneja wake Jeff Tartakov, ndiye aliyechukua zile kaseti akazirudufu vizuri, akazitunza, akaziuza kwa posta kupitia kilebo kidogo cha Stress, akatuma kwa waandishi na wanamuziki hata wakati Daniel yuko hospitali haeleweki. Bila mtu wa hivyo kaseti nyingi zingepotea tu maana nakala asili alikuwa anazigawa. Mwishoni mwa miaka ya 80 lebo huru ya Homestead ikatoa baadhi kwenye santuri, zikafika Ulaya.

Kuhusu ugonjwa nitasema kwa kifupi. Alikuwa na baipola pamoja na skizofrenia, alilazwa mara nyingi, na kuna wakati aliwaumiza watu, na yeye mwenyewe nusura afe. Mwaka 1990 akitokea Austin kutumbuiza, baba yake ambaye alikuwa rubani wa zamani wa jeshi akawa anamrudisha nyumbani kwa ndege ndogo ya watu wawili, huko angani Daniel akaamini yeye ni Casper, yule mzimu wa kwenye katuni, akachomoa ufunguo wa ndege akautupa nje dirishani. Baba akailaza ndege juu ya miti, wote wakatoka hai. Watu husimulia hii kama kituko cha kusisimua na mimi inaniuma sana, kwa sababu nikiisikia namuwaza yule mzee aliyekuwa anashika usukani huku mtoto wake hayupo naye. Miaka iliyofuata wazazi walewale waliokuwa wanamfokea ndio waliomtunza, na baba akawa ndiye anashughulikia shoo zake.

Mwaka huohuo wa 1990, bendi ya Yo La Tengo ilikuwa laivu kwenye kituo cha redio cha WFMU kule New Jersey, Daniel akapiga simu kutoka nyumbani West Virginia, wao wanapiga vyombo studioni yeye anaimba Speeding Motorcycle kwenye simu. Kwenye simu! Ikarekodiwa na ikatolewa. Yaani hata redio kaseti ilikuwa anasa ukilinganisha na hapo, lakini wimbo ulisimama.

Halafu 1992 Kurt Cobain wa Nirvana, wakati huo ndiye mwanamuziki wa roki anayetazamwa kuliko wote, akavaa fulana yenye yule chura kwenye tuzo za MTV, na aliivaa kwingine kwingi mpaka watu wakaanza kuulizana huyo chura ni wa nani. Lebo kubwa zikaanza kumgombea mtu aliyekuwa wodini. Elektra walileta ofa na Daniel akaikataa kwa sababu bendi ya Metallica walikuwa kwenye lebo hiyo na yeye aliamini wana shetani ndani yao, akamfukuza na Tartakov juu, akasaini na Atlantic. Albamu ya Fun ikatoka 1994, imerekodiwa vizuri na Paul Leary wa bendi ya Butthole Surfers ndiye prodyuza. Haikuuza. 1996 Atlantic wakaachana naye.

Kuna watu husema ilifeli kwa sababu studio ilimharibu, kwamba alihitaji ule mvumo wa kaseti. Mimi nimeisikiliza ile albamu mara nyingi na nyimbo zake ni nzuri tu, tatizo naona ni kwamba lebo kubwa ilihitaji mtu wa kuzunguka nchi nzima akipiga shoo na kufanya intavyuu kila siku, na yeye hakuwa na afya ya hivyo. Mfumo wake yeye ulikuwa wa mtu kwa mtu na ulikuwa unaenda kwa mwendo wake.

Ushahidi kwamba kilichombeba ni uandishi ulikuja 2004, ilipotoka albamu ya CD mbili iitwayo The Late Great Daniel Johnston ingawa mwenyewe alikuwa hai kabisa. CD ya kwanza wasanii wengine wanaimba nyimbo zake, Tom Waits yupo na King Kong, Beck yupo na True Love Will Find You in the End, ya pili ni yeye mwenyewe nyimbo zilezile. Hapo hakuna tena mvumo wala ugonjwa wala kisa, kuna melodi na maneno tu, na zinasimama. Kwa sababu huyu mtu alikulia na Beatles, aliwasoma kama mwanafunzi, alijua kiitikio kinaingia wapi, daraja, kile kipande kinachobadilisha wimbo katikati, linaenda wapi, wimbo ukatwe wapi. True Love haifiki dakika mbili, gitaa na sauti basi, hakuna neno la ziada, anamwambia tu mtu aliyevunjika moyo kwamba penzi la kweli na lenyewe linamtafuta ila haliwezi kumtambua kama hajitokezi kwenye mwanga. Alikuwa anamwambia mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipata.

Alifariki Septemba 2019 nyumbani kwake Waller, Texas, akiwa na miaka 58. Austin yule chura alichorwa ukutani mwaka 1993 kwenye kona ya barabara ya Guadalupe, duka la muziki lilimlipa Daniel achore, na 2004 ukuta ulipotaka kubomolewa watu wa mji wakapiga kelele ukaachwa.

Ukitaka kumsikiliza usianze na Songs of Pain, ni ngumu kwa mgeni. Anza na hiyo True Love, kisha Walking the Cow, kisha Some Things Last a Long Time ambayo Lana Del Rey aliiimba tena 2015, halafu ndio uingie Yip/Jump Music nzima. Na kwenye hiyo sauti usiiweke juu sana ukiwa na earphone, kile kiogani kinachoma masikio.