Vuli ndiyo ya kuchunga: jinsi ninavyousoma msimu wa mvua

Kila Septemba ikikaribia naulizwa swali lilelile: mwaka huu kuna El Niño, yaani ile hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida? Anauliza mkulima mwenye eka zake mbili, anauliza fundi anayetaka kumaliza msingi kabla udongo haujalowa, anauliza mzazi anayeishi mabondeni. Kazi yangu ni utabiri wa msimu, na nafurahi kuona watu wanafuatilia. Ila mtu akiondoka na jibu la "ndiyo" au "hapana" tu, hajaondoka na kitu cha kumsaidia shambani wala nyumbani. Kuna mengine ya kujua, na la kwanza ni hili: katika misimu yetu miwili ya mvua, masika ndiyo kubwa, lakini vuli ndiyo inayoyumba zaidi mwaka hadi mwaka. Maafa mengi tunayoyakumbuka Afrika Mashariki, ya mafuriko na ya ukame, yana vuli ndani yake.

Nianze na mpangilio wenyewe. Jua linapovuka ikweta kwenda kusini na kurudi kaskazini, huvuta nyuma yake ukanda mvua, yaani mahali pepo za kaskazi na pepo za kusi zinapokutana na hewa kulazimika kupanda juu. Ukanda huo unatupitia mara mbili. Ukielekea kusini tunapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Ukirudi tunapata masika, Machi hadi Mei. Katikati, kaskazi inapokuwa imetulia Januari na Februari, ni kiangazi chenye joto. Kusi ikishika Juni hadi Agosti ni kipupwe. Kusini, magharibi na kati mwa Tanzania hali ni tofauti, kwa sababu huko ukanda unakaa muda mrefu na mvua huwa ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo taarifa ya vuli iliyoandikwa kwa ajili ya Tanga au Machakos haimhusu mtu wa Songea, hata kama imesambazwa kwenye simu yake.

Sasa tuje kwenye vuli. Sisi tuko kwenye ikweta, mbele yetu kuna bahari ya joto, na bado sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania ni kavu kuliko nchi nyingine za ikweta. Sababu mojawapo iko ng'ambo. Katika mwaka wa kawaida maji ya joto zaidi ya Bahari ya Hindi yako upande wa Indonesia. Hewa hupanda huko, mvua hunyesha huko, kisha hewa hiyo hiyo huja juu juu kuelekea kwetu na kushuka. Hewa inayoshuka huyeyusha mawingu. Tunapata mvua licha ya hali hiyo.

Kuna miaka mzunguko huo hulegea au hugeuka. Maji ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida, ya upande wa Indonesia hupoa, na mawingu huhamia kwetu. Wataalamu waliieleza hali hiyo kwa kina mwaka 1999 na kuipa jina la Dipoli ya Bahari ya Hindi. Ikiwa chanya, vuli yetu hunona. Ikiwa hasi, hunyauka. El Niño ya Bahari ya Pasifiki mara nyingi huisukuma Dipoli kuelekea chanya, ndiyo maana jina lake limeshika midomoni mwa watu. Lakini kiungo kinachotugusa moja kwa moja ni hii bahari yetu wenyewe.

Ushahidi upo. Mwaka 1997 El Niño kali na Dipoli chanya kali zilikuja pamoja, na mvua ya vuli ile iliendelea hadi mapema 1998, ikabomoa madaraja na barabara Kenya na Tanzania. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu za kulingana na ile ya 1997. Watu walijiandaa kwa gharika, lakini Dipoli ilikuwa dhaifu kuliko ile ya 1997 na mvua haikufika huko. Halafu ikaja 2019, mwaka ambao Pasifiki haikuwa na El Niño ya kuzungumzia, ila Dipoli ilikuwa miongoni mwa kali zilizowahi kupimwa. Novemba ile maporomoko ya udongo yaliua watu wengi West Pokot, na kufikia Mei 2020 Ziwa Viktoria lilikuwa limepita kimo chake cha 1964, kimo ambacho wazee wa kandokando ya ziwa walikuwa wakikisimulia tangu mvua kubwa za 1961. Na 1961 pia haukuwa mwaka wa El Niño. Ukiyaweka haya pamoja utaelewa kwa nini mimi, nikiulizwa kuhusu El Niño, kwanza naangalia ramani ya joto la bahari kutoka pwani ya Somalia hadi kisiwa cha Sumatra, Indonesia.

Upande wa pili wa sarafu ni mchungu zaidi. La Niña, yaani kinyume cha El Niño, Pasifiki inapopoa, ilirudi miaka mitatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, na misimu mitano ya mvua ikafeli kwa kufuatana mashariki na kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe katika msimu wa pili hakupata msimu wa kuanza upya hadi 2023. Na mvua ya vuli ya 2023 ilipokuja, ilikuja na El Niño na Dipoli chanya kwa pamoja, ikakuta ardhi kavu iliyopoteza majani yake, ikaleta mafuriko kwa watu walewale.

Kwa bahati njema, kitu hicho hicho kinachoiyumbisha vuli ndicho kinachotuwezesha kuitabiri. Bahari hubadilika polepole. Agosti tukiona joto limejipanga vibaya au vizuri, kwa kawaida litabaki hivyo hadi Novemba. Masika haina mshikio wa namna hiyo. Kufika Machi, El Niño au La Niña huwa inafifia, Dipoli imekwisha, na mvua inaendeshwa na mambo ya muda mfupi, kama lile wimbi kubwa la mawingu linaloizunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60, ambalo Roland Madden na Paul Julian walilieleza mwaka 1971. Likipita juu ya Bahari ya Hindi tunalowa. Likishapita tunakauka wiki mbili tatu. Kwa hiyo utabiri wa vuli nauamini kwa kiasi kikubwa tangu mwanzo wa msimu, na wa masika nauchukulia kama dira ya awali tu, kisha nafuatilia taarifa za kila siku kumi.

Utabiri wenyewe unasomwaje? Hapa ndipo watu wengi hupoteza maana. ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa kinachohudumia kanda yetu, hutoa uwezekano, kwa asilimia, wa makundi matatu: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Chukua misimu 30 iliyopita, ipange kuanzia yenye mvua ndogo hadi yenye mvua nyingi, kisha igawe kumi, kumi, kumi. Kama hujui lolote, kila kundi lina takriban asilimia 33. Ukisikia "asilimia 55 juu ya wastani", mizani imeinama sana, lakini bado kuna asilimia 45 ya kuangukia kwenye makundi mengine mawili. Mwaka ukiangukia huko, utabiri haukudanganya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo huhesabu mvua ya wastani kuwa ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Kama eneo lako hupata milimita 300 za vuli, basi milimita 225 ni wastani na milimita 375 ni wastani vilevile. Kwa anayepanda mahindi, tofauti ya hizo mbili ni tofauti ya ghala.

Hata hivyo jumla ya mvua siyo inayonikosesha usingizi. Kinachonisumbua ni mtawanyiko. Milimita 300 zinaweza kushuka kwa siku 30 zilizopangana vizuri na ukavuna. Zinaweza pia kushuka kwa siku nane, na kitabuni msimu ukaandikwa "wastani" huku shamba likiwa tupu. Mahindi yanapotoa mbelewele na hariri, wiki mbili bila maji zinatosha kuharibu uchavushaji, na mvua ya baadaye hairudishi punje ambazo hazikutunga.

Mwanzo wa msimu nao una mtego wake. Mvua ya kwanza ikipiga usiku, asubuhi kijiji kizima kiko shambani. Kigezo kinachotumika sana katika kanda yetu ni angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na baada ya hapo, katika siku 21 zinazofuata, pasitokee ukavu wa siku saba mfululizo. Sehemu ya kwanza ya kigezo unaiona mwenyewe. Ya pili huwezi kuiona bila utabiri, na ndiyo inayoua miche. Ushauri wangu kwa anayeuliza ni huu: mvua ya kwanza ikinyesha, sikiliza taarifa ya siku kumi kabla hujamwaga mbegu yote. Ukiwa na hofu ya kuchelewa, panda sehemu ya shamba na ubakize mbegu.

Upande wa mvua kubwa, hesabu moja inatosha kubadilisha macho yako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 60, ambayo kwa masika ya pwani si ajabu kunyesha kwa siku moja, inashusha lita 6,000 juu ya paa la mita za mraba 100. Hayo ni matenki sita ya lita 1,000 kutoka nyumba moja. Juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 60. Udongo uliokwisha kulowa kwa wiki mbili haupokei tena, bati na lami havipokei kabisa, kwa hiyo karibu yote yanatafuta korongo. Pwani kuna la ziada: mvua hiyo ikiangukia siku za bamvua, wakati maji ya bahari yamejaa, mito kama Msimbazi haina pa kumwaga na maji hurudi nyuma mabondeni. Ndiyo maana ninapoangalia taarifa ya mvua kubwa ya Dar es Salaam naangalia na mwandamo wa mwezi.

Milimani hatari ni nyingine. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Kwenye miteremko, mvua ya leo inasomwa pamoja na ya siku zote zilizotangulia, maana udongo unabeba maji ya zote. Maji ya mto yakibadilika ghafla kuwa tope zito, au mto ukipungua wakati mvua bado inanyesha juu, hamisha watu kwanza, mengine baadaye.

Vimbunga, kwa upande wetu, ni nadra kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauvisaidii kujisokota. Nadra, lakini vipo: Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Joto la kaskazi, Januari hadi Machi, halipati habari kama mafuriko, na inanisikitisha. Mwili hujipoza jasho linapokauka. Hewa ya pwani ikiwa imeshiba unyevu, jasho linatiririka tu bila kukauka, na usiku usiposhuka joto mwili haupumziki. Anayebeba mizigo bandarini saa saba mchana katika hali hiyo anahitaji kivuli na maji kabla hajasikia kiu, na mzee au mtoto mchanga ndani ya chumba cha bati hana budi kutolewa nje penye upepo.

Jambo la mwisho ni kipimo cha mvua. Taarifa ya wilaya haijui kilima kilicho nyuma ya nyumba yako. Chombo chochote chenye mdomo na kitako sawa, kilichosimama wima, kinatosha. Upana wake hauna shida, kwa kuwa kina cha maji ni kilekile. Kiweke uwanjani, mbali na mti au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha mti au ukuta huo. Pima kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile vituo vinapopimia, andika milimita kwenye daftari, kisha mwaga. Siku isiyo na mvua iandikie sifuri, usiiache wazi, kwa sababu ni hizo sifuri zinazofuatana ndizo utakazozihitaji kuhesabu ukavu.