Je, Wajua Kwa Nini Makaburi ya Kale Huandikwa Kabla ya Kufyekwa?

Mtu anapojitolea kutunza makaburi ya kale, iwe ni Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Kivinje, jambo la kwanza linalomjia akilini ni panga. Anaona vichaka vimefunika kuta, mizizi imepasua mawe na majani makavu yamejaa hadi kifuani mwa kaburi, naye anataka kufyeka ili wafu wapumzike mahali safi. Nia hiyo ni ya kheri. Hata hivyo, wanaoijua kazi hii huomba panga, jembe na reki viwekwe kando kwanza, na siku za mwanzo zitumike kwa daftari, penseli, futikamba, dira na kamera ya simu. Kwa nini kuandika habari za kila kaburi kutangulie kufyeka?

Sababu kubwa ni kwamba kaburi la kale ni waraka, na sehemu ya waraka huo haikuandikwa kwenye jiwe bali imelala chini, palepale reki inapopita. Katika kisiwa cha Songo Mnara, mji wa kale ulioingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, wanaakiolojia walikuta sarafu za shaba na vijiwe vyeupe vya kwatzi kwenye makaburi. Viliwekwa na watu waliokuja kuwazuru marehemu wao zaidi ya miaka 500 iliyopita. Kwa asiyejua, kijiwe cheupe ni kokoto tu, na akikisogeza pamoja na majani makavu hakuna atakayejua tena kuwa kuna mkono uliokiweka pale. Ndivyo ilivyo pia kwa vigae. Makaburi mengi ya waungwana wa pwani yalipambwa kwa mabakuli na sahani kutoka China, vilivyopachikwa ukutani wakati chokaa ingali mbichi. Vyombo vingi vimeng'olewa au kuvunjika, lakini shimo la mviringo lililobaki ukutani na kipande cha kigae kilichoanguka chini yake hueleza habari moja vikiwa pamoja. Kigae kikiokotwa na kuwekwa kwenye mfuko bila kuandikwa kilipotoka, habari hiyo imekatika.

Hata mwelekeo wa kaburi ni maandishi. Mtwara na Lindi ziko karibu kusini kabisa mwa Makka, kwa hiyo kibla cha huku ni kaskazini. Muislamu huzikwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na kwa sababu hiyo kaburi lake katika mikoa hii hulala mashariki na magharibi, kichwa kikiwa upande wa mashariki. Kwa Wakristo, desturi ya kale ilikuwa kulaza kichwa upande wa magharibi. Dira ya simu ikionesha kaburi moja limepinda kuliko majirani zake, mwandishi haamui papo hapo sababu yake, bali huandika vipimo na kuendelea, maana huenda kaburi hilo ni la wakati mwingine au kuta zake zilijengwa upya na mtu aliyekosea.

Kazi inayohitaji utulivu kuliko zote ni kusoma tarehe. Mawe mengi ya pwani yameandikwa kwa hati za Kiarabu na kwa mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku kama 11. Njia rahisi ya kukadiria ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha kujumlisha 622. Mtego uko kwenye tarakimu zenyewe. Mbili (٢) na tatu (٣) hutofautiana kwa jino moja dogo, na jino hilo ndilo la kwanza kuliwa na mvua. Saba (٧) hufunguka kuelekea juu na nane (٨) kuelekea chini, kiasi kwamba mtu asiyezizoea huzibadilisha kwa urahisi.

Tuseme jiwe lina mwaka 1270, na msomaji aliyechoka na jua akaandika 1280. Mwaka 1270 wa Hijria ni 1853 hadi 1854, na mwaka 1280 ulianza Juni 1863. Kosa hilo la miaka kumi lina uzito wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yale ya baadaye hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi kuwa kumbukumbu. Kwa hiyo tarakimu moja iliyosomwa vibaya inaweza kulitoa kaburi nje ya ulinzi ambao ni haki yake, na siku barabara au kiwanja kikipimwa juu yake, daftari lenyewe ndilo litakalotumika kama ushahidi dhidi yake. Ndiyo maana kila jiwe husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, na wanapotofautiana huandikwa majibu yote mawili.

Maandishi yaliyofifia husomwa kwa mwanga, hayasuguliwi. Saa sita mchana jua hupiga jiwe usoni na herufi zote hupotea. Asubuhi na mapema, au jua linapokaribia kuzama, mwanga hupita ubavuni mwa jiwe, na kila mkato hujaza kivuli chake. Jiwe lililo chini ya mwembe au mkwaju husaidiwa kwa kioo cha kawaida cha kujitazamia: mtu mmoja anasimama juani akiurusha mwanga kutoka pembeni, mwingine anapiga picha. Nimeona jina ambalo watu walikuwa wamelikatia tamaa likitokea namna hiyo, kwanza neno "bin", kisha alifu iliyosimama wima kama mwanzi, kisha mstari mzima. Brashi ya waya, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na chaki ya kupaka kwenye herufi havina nafasi hapa. Jiwe la matumbawe ni laini, na kinachotoka na uchafu ni uso wa jiwe wenye herufi.

Baada ya kuandika ndipo panga hurudi, nalo huenda polepole. Mtini ulioota juu ya ukuta haung'olewi, kwa sababu mara nyingi mizizi iliyoupasua ukuta ndiyo iliyobaki ikiushikilia. Hukatwa shina, na mizizi huachwa ife yenyewe.

Saruji nayo inahitaji kuelezwa, kwa kuwa wengi huileta kwa mapenzi mema. Kuta za makaburi ya kale zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanurini, yakazimwa kwa maji, kisha yakarudia ugumu wake polepole kwa kuvuta hewa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: maji ya mvua na unyevu wa ardhini huingia na kutoka. Saruji ni ngumu zaidi na huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chumvi hiyo inapokauka na kuganda hutanuka na kulisaga jiwe nyuma ya saruji, hata ukuta unaoonekana mzima kwa nje ukawa unga kwa ndani. Kuziba nyufa za makaburi yanayolindwa na sheria kunahitaji kibali, na vikundi vya kujitolea hufanya vyema kuwaachia mafundi wa chokaa kazi hiyo.

Lipo jambo moja ambalo kamera haiwezi kulifanya, nalo ni kumsikiliza mzee. Makaburi mengi ya kusini hayana jiwe lenye jina. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mapigano makali yalifika Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917, na makumi ya maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi katika vita vya Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wengi wao wakizikwa bila jina lolote kuandikwa. Askari wengi wa Kizungu waliandikwa majina yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makaburi yapatayo 1,000 ya vita kutoka sehemu mbalimbali za nchi yalihamishiwa Dar es Salaam ili yatunzwe, na hilo liliwezekana kwa sababu yalikuwa kwenye orodha. Tofauti hiyo inaniumiza kila ninapoifikiria, maana waliokufa walikufa njia moja.

Ndiyo maana mwandishi mwema huenda kwanza kwa imamu au katekista na kwa serikali ya mtaa kuomba ruhusa, kisha humwamkia bibi aliyezaliwa jirani na makaburi, hukaa naye kivulini, na siku nyingine humwomba waende pamoja. Bibi hutembea taratibu na kuelekeza kwa fimbo yake: hapa ni fulani, alikuwa nahodha, pale ni watoto pacha, pale sijui, lakini marehemu mama alikuwa akipita anasoma fatiha. Kaburi la namna hiyo hupewa namba sawa na lenye mnara. Hupimwa na kupigwa picha, na mahali pa jina huandikwa maneno ya bibi kama alivyoyasema, pamoja na tarehe aliyoyasema. Daftari hunakiliwa mara tatu: nakala moja hubaki msikitini au kanisani, moja ofisi ya mtaa, na moja hukaa na kikundi, kwenye kopo la bati lenye mfuniko mzito, kwa sababu ya mchwa.