Je, wajua kwa nini cheti kimoja cha kifo kinaweza kusema kweli na kudanganya hapo hapo?

Tuseme umebahatika kupata cheti cha kifo cha babu mzaa baba yako. Kina siku aliyofariki, kina tarehe ya kuzaliwa, kina mpaka jina la mama yake, basi unaenda kwenye mti wa ukoo unajaza vyote vitatu na chini unaandika "chanzo: cheti cha kifo", biashara imeisha. Kumbe bado.

Siku ya kufa iliandikwa tukio likiwa bichi, tena mara nyingi na daktari au mtu aliyekuwepo. Haya, tarehe ya kuzaliwa kaisema nani? Marehemu hakuulizwa. Kaisema mwanawe, au mkwe, mtu ana msiba wake kichwani anajibu maswali ya karani, na siku babu anazaliwa yeye hakuwepo hata duniani. Kwa hiyo karatasi ni moja ila taarifa zake hazina uzito sawa. Fomu nyingi zina sehemu ya mtoa taarifa, jina lake na uhusiano wake na marehemu, na watu wanairuka kweli kweli, mi naona ndo mstari wa kwanza kusoma.

Hata bibi akikusimulia ni vilevile. Andika jina lake, siku mliyoongea, maneno yake kama alivyoyasema, halafu muulize aliona kwa macho au na yeye kaambiwa, na kama kaambiwa, na nani.

Kosa lingine ni kutaja kitu ambacho hukukiona. Umekuta jina kwenye faharasa ya intaneti, unaandika umelitoa kwenye rejista ya ndoa, wakati rejista yenyewe hujaifungua. Faharasa ni mtu kakaa anasoma mwandiko wa zamani na kuuchapa, 1 ikageuka 7, herufi mbili zikagombana akachagua moja. Umeona faharasa, sema faharasa, taja na tarehe uliyoiona maana linki nazo zinakufa. Siku ukiipata rejista utaongeza ukurasa na namba ya ingizo.

Na unaponakili usirekebishe kimyakimya jamani. Uingereza mpaka 1751 mwaka kisheria ulianza 25 Machi, wakabadilisha 1752 ikawa 1 Januari. Sasa mtoto aliyebatizwa 10 Februari 1730 kwenye rejista ya kule, kwa hesabu yetu ni 1731. Wewe unajua hilo, unaandika 1731 bila kusema kitu, anakuja binamu yako naye anajua, anasahihisha tena inakuwa 1732 na mtoto kapungua umri mwaka mzima bila kosa lake. Wazoefu wanaandika 1730/31, kila mtu anaelewa.

Unaweza kusema ah, si nitarudi tu kuangalia rejista yenyewe ya asili. Waulize wanaotafuta koo zao Ireland. Tarehe 30 Juni 1922, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu za taifa pale Four Courts, Dublin, ililipuka ikaungua, karne kadhaa za wosia, sensa na rejista za makanisa zikawa majivu. Miaka 100 baadaye, 2022, ikafunguliwa hazina ya kidijitali ya kujaribu kuzirudisha, na sehemu ya wanachotumia ni nakala na dondoo za watu waliowahi kupita mle ndani kabla ya moto wakanakili kwa mkono. Dondoo iliyoandikwa imetoka kitabu gani, ukurasa gani, inajulikana pa kuiweka. Iliyoandikwa jina na mwaka tu, hata kama ni ya kweli kabisa, nani ataithibitisha saa hizi?